Msimu Tulipomruka Kifungua Mimba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wengi wenu ni watoto wa watoto wangu, kwa hivyo sitawabembeleza. Mkija nyumbani wakati wa mvua mnauliza kwa nini majirani wamepanda na sisi bado tumekaa. Mnauliza pia kwa nini baba yenu mkubwa anazunguka ua kutwa kama mtu aliyeangusha kitu. Mmoja wenu, na anajijua, alimwita jina baya pale langoni wenzake wakacheka. Maswali yote mawili yana jibu moja. Kaeni mlisome.

Baba yenu mkubwa ni kifungua mimba changu. Kabla hajaugua alikuwa fundi wa magari Kisumu, amepanga chumba Kaloleni, ana mke, na mikono yake ilinuka grisi hata akija kanisani. Ugonjwa ulipoanza hatukujua kama ni ugonjwa. Tulisikia tu kwamba amefungua kufuli na komeo zote za chumba chake, amezipanga juu ya meza, anasema zinamsikiliza. Kisha akafungua za jirani. Jirani akatuma neno kwa dereva wa basi: "Mwambie yule mama wa kule kijijini Pap Onditi aje achukue mtu wake kabla vijana wa hapa hawajamfanyia ubaya."

Nilimkuta amesimama uani, shati limegeuzwa ndani nje, anabishana na watu ambao mimi sikuwaona. Mkewe alikuwa ameshafunga nguo zake kwa lesso. Akaniambia, "Mama, nimejaribu." Nikamwambia, "Najua." Alirudi kwao. Simlaumu, na ninyi msije mkamlaumu mbele yangu.

Nitasema na ubaya wangu mwenyewe. Tulimfunga. Tulichukua kamba ya nailoni ya nyavu, ile isiyokatika, tukamfunga kwenye nguzo ya nyumba yake hapa nyumbani, maana kila tulipomwacha alikuwa anaenda. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anaenda tu, barabarani, bila viatu, jua la saa saba. Nilimpeleka kwa mganga wa mizizi. Nikampeleka kwa watu wa maombi, wakamzunguka na ngoma siku tatu hata mimi mwenyewe nikaanza kusikia sauti. Alama za ile kamba bado ziko kwenye mikono yake. Mkimsalimia, ziangalieni.

Sista mmoja wa zahanati alikuwa ananunua omena kwangu sokoni. Siku moja akainama kama anachagua samaki, akasema polepole, "Mama, yule unayemfunga ni mgonjwa. Kichwa kinaugua kama tumbo. Kina dawa, na kina wodi Kisumu."

Nikamjibu, "Wewe nunua omena uende."

Akanunua, akaenda. Kesho yake asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni pa zahanati kabla haijafunguliwa. Wiki hiyo hiyo kijana wangu akalazwa.

Sasa sikieni kosa lenyewe. Kamba ilikuwa kosa, lakini ya kamba kijana wangu aliniwia radhi. Hili lingine ndilo lililotaka kunipotezea mtoto kabisa.

Kwetu mvua ikinyesha hukimbilii jembe ovyo. Mama wa nyumba anapanda kwanza. Akimaliza, anafuata kifungua mimba. Halafu yule wa pili, halafu wengine kwa jinsi walivyozaliwa. Mdogo hamtangulii mkubwa hata kwa shimo moja la mahindi. Mkubwa anarukwa kwa sababu moja tu: awe amekufa.

Msimu huo ulifuata ule mwaka wa mahindi ya manjano, mvua ilipokataa tukala unga wa msaada uliokuwa unanuka gunia. Kwa hivyo mawingu yaliporudi watu walipagawa. Kila upande ulisikia majembe. Mimi nikapanda shamba langu. Kisha nikamngoja aliye wodini, maana nilipomwacha kule nilimwambia tutamngoja. Nilikaa siku tano bila kukaa. Nachukua ungo, naacha. Naenda langoni kuangalia barabara ya Kisumu, narudi, naangalia juu, narudi tena langoni. Miguu ilikuwa kama si yangu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja na bakora yake akasimama katikati ya ua.

"Shemeji, hii mvua inamngoja nani?"

"Inamngoja mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi? Janeko atapanda nini?" Janeko kwetu ni mwendawazimu, na alilisema kwa sauti ili jirani asikie. "Hana mke, hana akili, hajui leo ni Jumatatu au ni Jumapili. Unataka hawa wengine wale udongo kwa sababu yake?"

Kijana wangu wa pili alikuwa amesimama pale na jembe begani. Mkewe alikuwa na mtoto kwenye titi, na lile titi mwaka uliopita lilikuwa limekauka. Nilimwangalia yule mtoto.

Nikasema, "Haya. Panda."

Maneno mawili tu. Akapanda siku hiyo hiyo, na mdogo wake baada yake.

Baba yenu mkubwa alirudi mahindi yamefika magotini. Alishuka kwenye basi amenyolewa ndevu, ana dawa zake kwenye karatasi, akanisalimia kwa mikono miwili. Nilifurahi sana nikaenda jikoni kumsongea ugali. Nilipotoka nilimkuta amesimama mpakani mwa mashamba. Upande wa ndugu yake, mahindi. Upande wake, nyasi.

Alikuja polepole. Hakupiga kelele.

"Mama, mlinizika lini?"

"Nani amekuzika wewe?"

"Mdogo wangu amepanda, mimi sijapanda. Basi nimekufa. Nauliza tu ni lini. Mlichinja ng'ombe, ama mlinizika hivi hivi?"

"Mvua haikungoja, mwanangu."

"Kweli," akasema. "Mvua haina mama."

Akaweka dawa zake juu ya kiti, akazipanga vizuri kama alivyozipanga zile kufuli, akatoka langoni. Shemeji akasema, "Si unaona? Imeanza tena." Lakini mimi nilijua haijaanza. Katika maneno yale hakukuwa na wazimu hata kidogo. Mtu yeyote mwenye akili zake, wa kwetu, angesema hivyo hivyo.

Nilimtafuta wiki nyingi. Nilienda stendi ya Kisumu nikauliza makondakta. Nilienda ufuoni ambako wavuvi wanaanika omena, wakaniambia alipita, alikuwa anawauliza kama wamesikia habari za kifo chake. Mwishowe mama mmoja muuza viazi akaniambia yuko Sondu, sokoni, analala chini ya vibanda.

Nilimkuta kweli. Ndevu zimerudi, mguu una kidonda, watoto wanamrushia maganda ya miwa. Nikawafukuza wale watoto kwa kiatu. Nikamwonyesha dawa.

"Kunywa."

"Maiti hainywi dawa," akasema, bila hasira, kama anayemfundisha mtu.

"Rudi nyumbani."

"Aliyezikwa akirudi nyumbani watu wanakimbia. Nenda, Mama. Utachelewa."

Ningeweza kuleta vijana wanne na kamba. Shemeji alinishauri hivyo. Lakini kamba nilishaijaribu, na kamba inarudisha mwili tu.

Mvua fupi zilipokaribia nikaitisha watu wote jikoni. Nikawaambia, "Msimu huu nitapanda mimi. Baada yangu anapanda mkubwa. Asipokuja, hakuna anayepanda."

Kijana wangu wa pili alisimama. Sijawahi kumwona hivyo. "Mama, mimi nina watoto. Kosa langu ni lipi? Kuzaliwa wa pili?"

"Kosa si lako. Ni langu."

"Basi ulile mwenyewe! Mbona unawalisha na watoto wangu?"

Alikuwa na haki. Shemeji akacheka akiegemea bakora yake. "Sasa janeko ni wawili katika nyumba hii, na mmoja wao ndiye anayeshika funguo za ghala."

Mvua ikaja. Majirani wakapanda. Nikapanda langu, nikaosha jembe, nikatembea mpaka Sondu siku ya soko. Nikamwambia, "Mvua imenyesha. Mimi nimepanda. Zamu ni yako." Akacheka, akanipa kisogo.

Siku ya soko iliyofuata nikaenda tena. Nilimkuta anakula kiazi alichopewa na yule mama. Nikasema maneno yale yale. Safari hii aliacha kutafuna.

"Na mdogo wangu?"

"Hajapanda."

"Uongo."

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

"Ulisema mtaningoja."

Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu barabarani, na watu waliopishana nami bila shaka walisema ugonjwa ni wa ukoo. Mahindi ya jirani yalikuwa yameanza kuchungulia. Ukichelewa zaidi ya hapo, mvua fupi zinakuacha. Sikulala, sikukaa. Mke wa kijana wangu wa pili hakunipa hata maji siku hiyo. Alifanya sawa.

Siku ya tatu ya soko, nilipofunga lesso kwenda, nikamkuta kijana wangu wa pili langoni na jembe lake begani.

"Unaenda wapi na hilo?"

"Twende tu, Mama."

Tulifika Sondu. Watu wa soko wakaanza, "Oyee, wameleta jembe wamzike kabisa!" Kijana wangu wa pili aliwapita. Alimfuata kaka yake, akapiga goti moja kwenye matope, akampa lile jembe kwa mikono miwili.

Sasa kumbukeni huyu mtu ni fundi. Chuma anakijua kuliko mimi ninavyojua samaki. Jembe linalolima linang'aa mdomoni. Jembe linalokaa linashika kutu. Aliligeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, kikatoka chekundu kwa kutu. Akakinusa. Akapitisha tena.

"Hili ni kavu," akasema.

"Ni kavu," akajibu ndugu yake.

"Tangu mavuno?"

"Tangu mavuno."

"Wewe utakufa njaa, mjinga wewe."

"Basi njoo unifungulie njia nipande. Mtoto wangu analia, na mama yako ni mkaidi."

Alicheka. Kicheko chake cha zamani, cha Kaloleni. Akasimama na kile kidonda chake, akaweka jembe begani, akatangulia. Tulitembea nyuma yake mpaka nyumbani, yeye mbele bila kugeuka, sisi nyuma tukiogopa hata kukohoa.

Alipanda kesho yake. Mistari yake ilipinda kama njia ya ng'ombe, na mashimo mengine alisahau kuyafukia. Hakuna aliyemrekebisha. Alipomaliza alinyoosha mkono, akasema, "Leteni dawa." Ndugu yake akaingia shambani kwake mbio, na mkewe nyuma, hata chai hawakunywa. Mavuno yalikuwa madogo. Tulikula kwa kujibana mpaka msimu mwingine.

Sitawadanganya kwamba alipona. Amekuwa akienda kudungwa sindano kila mwezi, na ile sindano inamtuliza kichwa lakini inamsumbua miguu, ndiyo maana mnamwona anazunguka ua. Mara nyingine sauti zinarudi. Mimi najua dalili: anaanza kugusa komeo za milango. Nikiona hivyo sisubiri, tunapanda basi la Kisumu asubuhi.

Ilikuja ikatokea tena, miaka ya tisini, tayari wengine wenu mnatambaa. Mvua ilianza na yeye yuko wodini. Niliona macho yote ya nyumba hii yamenigeukia, na shemeji ameshazeeka lakini bakora bado iko. Nikapanda langu. Kisha nikateremsha kibuyu cha mbegu kinachoning'inia juu ya moshi wa jiko, nikakifunga kwa lesso, nikaenda nacho Kisumu.

Sista wa mlangoni akanizuia. "Mama, chakula cha nje hakiingii."

"Si chakula. Ni mbegu."

"Mbegu za nini hospitalini?"

"Za shamba lake. Anapanda."

Alinitazama, akatazama kibuyu, akanipisha.

Alikuwa mzito wa dawa siku hiyo, mate yanamtoka. Nilimwekea kibuyu mapajani, nikamwambia, "Mvua imenyesha. Zamu yako." Halafu akaingiza mkono, akakoroga, akatoa punje moja akaitazama, akaitupa. Akatupa nyingine.

"Hizi zimetobolewa," akasema. "Mnataka nipande mashimo?"

Alichagua konzi moja nzuri, akaniwekea kwenye kiganja, akafunga vidole vyangu yeye mwenyewe. Niliifunga konzi ile kwenye pindo la lesso, na njia nzima sikuiachia.

Nilipofika nyumbani walikuwa wote nje, majembe mikononi, na mawingu yameshika kule ziwani. Sikukaa kwanza. Nikaenda shambani kwake, nikazipanda zile mbegu zake moja moja mpaka zikaisha. Kisha nikarudi uani na kibuyu mkononi, nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo, na shemeji akiwa amekaa pale anasikia:

"Kuanzia leo, mvua ikinyesha na mimi nikishapanda, hiki kibuyu kinaenda alipo yeye, awe nyumbani, awe Sondu, awe wodini. Hata mimi nikishakufa. Na jembe la mtu yeyote lisiguse udongo mpaka kibuyu kirudi."