Shumba Bila Ufunguo

Gari hii niliipata kwa kubadilishana, sikuinunua, na hilo ndilo lililomkasirisha mke wangu mpaka leo. Nilikuwa na pikapu. Pikapu ile nimeiendesha miaka mingi sana, nimepakia karafuu, mihogo, mabati, maharusi, na mara moja ng'ombe aliyeruka njiani akaenda kukaa kivulini kama mtu aliyefika kwake, lakini hayo ni mengine. Kule Mkoani palikuwa na mfanyabiashara mmoja ana gari nyeusi ya kifahari, ya Kijapani, ndefu, ya chini chini, inang'ara kama kiatu cha bwana harusi. Kwanza ilikuwa ya mkubwa mmoja Unguja, akaichoka, ikavushwa kwa meli. Mfanyabiashara akaona gari kama ile haibebi hata gunia moja. Mie nikaona pikapu haibebi dada yangu. Tukapeana mikono, kila mmoja akaondoka akimcheka mwenziwe.

Mke wangu alitoka uani na mwiko mkononi, akaizunguka gari mara mbili.

"Umetoa ng'ombe, umeleta paka," akasema.

"Paka mzuri."

"Paka mzuri atabeba kuni?"

Nilikuwa bado nimeduwaa na ile gari. Kiti chake cha ngozi kinakwenda mbele na nyuma chenyewe, ukibonyeza tu. Ukifungua mlango usukani unajivuta juu kukupisha, kama mtu mwenye adabu. Hakuna tundu ya ufunguo. Ufunguo wenyewe ni kidude cheusi mfano wa kipande cha sabuni kilichokwisha, ukiwa nacho karibu unabonyeza kitufe, gari inawaka. Na haiungurumi. Siku ya kwanza nilishuka nikaweka sikio juu ya boneti nijue kama iko hai. Halafu humo ndani mna mwanamke anasema. Kila ukiiwasha anasema maneno marefu ya Kijapani, kwa sauti ya upole, na mie sijui anataka nini. Mie nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na hata ningemaliza yote, Kijapani hawakutufundisha.

Sasa nikwambieni habari za dada yangu, kwa sababu gari ni yake hasa. Mama yetu alifariki mie sijaota meno yote, dada ndiye aliyenilea. Aliolewa Shumba Viamboni, akakaa huko miaka, kisha mumewe akaoa mke wa pili, na wanawake wawili wakakaa kiambo kimoja, nyumba kwa nyumba, katikati ua wa makuti. Hawakupatana. Yule mdogo akapata mtoto wa kike. Mtoto akafika umri wa kukimbia kimbia, akaugua homa, akafa. Watu wa Shumba wote wakenda matangani. Dada yangu hakwenda. Hatua kumi, na hakuvuka ule ua. Alikaa kwake anachambua karafuu siku zote tatu, akawa anasikia kilio na kisomo, na hakuvuka. Hakutoa mkono wa pole, si siku ile, si baadaye. Ikafika talaka yake, akarudi kwetu huku karibu na Gombani, na hakutia tena mguu Shumba.

Hayo hakuniambia mpaka mwaka huu. Tulikuwa tunakunywa uji. Akasema, "Mdogo wangu, nina deni la mtu, na mtu mwenyewe nasikia hali yake si nzuri. Nataka radhi yake kabla hajatangulia yeye au mie." Kijiko kilinikwama mdomoni. Mie dada yangu nimemjua maisha yangu yote, ni mtu wa kupeleka chakula kwa mgonjwa asiyemjua. Nikamuuliza, ulikuwa na nini siku zile? Akasema, "Nilikuwa na uchungu. Mie sikujaaliwa mtoto." Basi. Akamaliza uji wake.

Mgongo wake umeharibika. Tulijaribu pikapu mara mbili, mara zote tuliishia njiani, analia kimya kimya huku kashika ukingo wa kiti. Ndiyo nikaichukua hii gari.

Asubuhi ya safari akavaa vizuri, akajifunga kanga mbili mpya, na baibui juu. Akafika mlangoni mwa gari, akaona zulia la ndani jeupe, akavua ndara zake akazipanga pale chini, akaingia. Kama anavyoingia nyumba ya watu. Nami nilipomwona yeye kavua, nikaona haya, nikavua viatu vyangu. Nakwambieni kweli, haikutupitia akilini hata kidogo kwamba vile viatu inafaa tusafiri navyo.

Dada akaniambia, "Mie sishuki. Ukifika utamwita aje dirishani. Nitamwomba radhi hapo hapo, akinipa tunageuza. Nyumba ile siwezi kuingia, uso sina."

"Naye mgonjwa, dada, atatokaje?"

"Wewe endesha."

Mke wangu akaingia nyuma kumwekea dada mto wa mgongo, akamfunga mkanda, na kapu la halua na mkate wa ajemi akaliweka pembeni yake. Nikabonyeza kitufe. Gari ikawaka, yule mwanamke akasema yake, mke wangu akatoka akafunga mlango, akatuombea dua, tukaondoka.

Hatukufika hata barabarani gari ikaanza kulia. Pi pi pi. Na pale mbele ya usukani pakatokea kijipicha chekundu, mie nikakiona kama kijiko. Nikasema labda ni mkanda wangu. Nikafunga. Pi pi pi. Dada akasema labda ni kapu, limekaa kitini bila kufungwa. Nikasimama nikalifunga kapu mkanda kama mtoto. Kelele zikakoma. Tukaangaliana kwa mshangao, gari inayojali halua. Lakini kila nikisimama nikafungua mlango bila kuizima, mara kununua maji, mara kumwuliza mtu njia ilivyo mbele, inalia tena, na mwanamke anasema.

"Anasemaje?" dada akauliza.

"Sijui."

"Hilo ni la kuonya. Sikiliza sauti yake. Mtu hasemi hivyo kwa salamu."

"Anasema mbele kuna kona."

"Naam, mwanangu," dada akaiitikia ile gari, "tumesikia."

Lakini safari yenyewe, wallahi, mgongo wa dada haukulia hata mara moja. Alilala. Kiyoyozi kinampuliza, mashimo ya barabara yanapita chini kama hayapo, mpaka tulipoacha lami na kuingia njia ya Shumba, tumbo la gari likaanza kukwaruza mawe. Kila likikwaruza mie nasikia mwilini mwangu. Karibu na adhuhuri tukafika.

Nikaegesha mbele ya nyumba ya yule bibi, mke mwenza wa dada. Nikaona si adabu kuacha mashine ikivuma mlangoni kwa mgonjwa, ijapokuwa hii haivumi. Nikabonyeza kitufe ikazima. Nikashuka pekupeku, nikapiga hodi. Akatoka mwanamke wa makamo, mpwa wake anayemwuguza, akanitazama kichwani mpaka miguuni, kanzu nyeupe, koti, gari ya mkubwa, na miguu mitupu. Nikamweleza nani yumo garini na anataka nini. Akaingia ndani. Akakaa muda. Akarudi.

"Bibi anasema hawezi kuja dirishani mwa gari. Anasema yeye hauzi samaki."

Nikarudi kumwambia dada. Akainamisha uso. Kisha akasema, "Basi turudi. Nimejaribu."

Hapo ndipo nikabonyeza kitufe na gari ikakataa. Ikalia mara moja, ikanionyesha tena kile kijiko changu, nikakitazama vizuri, kumbe ni ufunguo. Nikabonyeza tena. Nikaitafuta ile sabuni, mfuko wa koti, mfuko wa kanzu, chini ya kiti. Nikampigia simu mke wangu.

"Ufunguo uko wapi?"

Nikasikia anacheka kwa kutetemeka, cheko la mtu aliyeogopa. "Ninao mie. Umo kwenye pindo la kanga yangu. Si unanipa mie niuweke, unapoteza kila kitu."

Kumbe alipokuwa nyuma anamwekea dada mto, ufunguo ulikuwa pindoni mwake, na gari ikaona ufunguo upo, ikakubali. Aliposhuka, akashuka nao. Ile njia yote kutoka Gombani mpaka Shumba tumekwenda bila ufunguo. Pikapu yangu hata kutoka uani isingetoka. Gari ya maskini haiwashwi bila ufunguo ndani ya tundu yake. Hii ya wakubwa inakwenda, inakupigia kelele, na inakwenda tu.

Mke wangu akasema atauleta mwenyewe kwa gari ya abiria ya Konde, na hapo mpaka alasiri.

Jua la adhuhuri, gari nyeusi, viti vyeusi. Nilifungua milango yote minne, upepo hakuna. Vioo havishuki. Dada akaanza kuloa jasho mpaka kanga ikagandana. Nikamwambia shuka, akasema hashuki. Watu wakaanza kusimama kwa mbali. Mwisho akasema, "Hata nikitaka kushuka, miguu mitupu, na mchanga huu ni moto." Akautazama mchanga kama mtu anayetazama maji ya kina kirefu.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka bibi mwenyewe, kizee, kajishika ukutani, kakonda kamba tupu, mie nilimtambua kwa macho yake tu. Mkononi ana ndara za plastiki. Mpwa wake anamfuata kamnyooshea mikono asije akaanguka. Alikuja hatua kwa hatua mpaka mlangoni mwa gari, akaziweka zile ndara mchangani mbele ya miguu ya dada yangu, akasimama anapumua.

"Bi mkubwa," akasema. "Utaungua humo."

Dada akalia. Maisha yangu yote nilikuwa sijamwona akilia kwa sauti. "Bi mdogo, nimekuja kukuomba radhi."

"Najua ulichojia. Radhi yangu sijakupa."

Mie nilisimama na mlango mkononi. Nilitaraji mambo mawili, ama atasamehe ama atatufukuza. Yule bibi akaendelea, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anaeleza bei ya muhogo. "Siku ya kwanza nilikuwekea mkeka. Ya pili nikakuwekea. Ya tatu nikasema leo hana budi. Nilikaa natazama ule ua mpaka watu wakaondoka. Na baadaye nimekuapiza, mwenzangu, sitaki kukuficha. Nimekuapiza mpaka nikachoka."

"Umefanya haki."

"Sikutaka haki. Nilitaka uje." Akashika mlango wa gari asianguke. "Sasa njoo ndani unipe mkono wa mwanangu. Kwanza hilo. Radhi baadaye."

Wakaingia wamekamatana, sikujua nani anamshika nani. Nikawafuata mpaka ukumbini nikasita. Yule mpwa akatandika mkeka. Bibi mgonjwa akakaa pembeni mwa ukuta, akajitanda kanga kichwani, akainama, kama anavyokaa mama aliyefiwa leo asubuhi. Dada yangu akapiga magoti mbele yake, na mgongo ule, akampa mikono yote miwili. Akasema maneno tunayosema sote, kwamba sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, Mungu amlaze mtoto pema. Yule mwengine akaitikia amin. Kisha ukatoka mlio mmoja, sijui ulikuwa wa nani kati yao, na nikatoka nje upesi kwa sababu hayo si ya kutazamwa na mwanamume.

Mke wangu alipofika alasiri na pindo lake, kabla hajaanza kujitetea nikamwambia aingie ndani. Akaingia. Akatoka macho mekundu.

"Dada anasema tumwache," akaniambia. "Anasema tumletee nguo. Anasema matanga ni siku tatu."

"Mtoto kafa zamani, mwenyewe anajua."

"Ndivyo alivyosema bibi. Siku tatu, na kukicha siku ya nne ndiyo atapewa jibu lake."

Nikakaa barazani. Akapita mzee mmoja wa pale mtaani anakwenda msikitini, akasikia sauti za wanawake ndani wanasoma, akasimama.

"Assalaamu alaykum. Kuna msiba?"

"Waalaykum salaam. Ndiyo, shehe."

"Kafa nani?"

"Mtoto wa kike."

"Inna lillahi. Lini?"

Nikamtazama. Nikasogea kumpisha. Naye hakuuliza tena. Akavua ndara, akapanda barazani akakaa ubavuni mwangu, akainua mikono, tukasoma Fatiha.