Bahari Ilikuwa Nyuma Yangu

Muuza duka wetu hapa ughaibuni, Kilburn, Mhindi wa Kisumu, alirudi juzi kutoka matembezi ya meli kwenye bahari ya Mediterania. Ukimwuliza habari za safari, jiandae kusikia vitunguu. Huku vidole vyake vikipanga makopo ya maharagwe, anakupa bei za Napoli, kisha anasifu nyanya za Athens zilivyopangwa. Hatazami makopo wala wewe. Jana nikachoka. "Na bahari je, mzee?"

Vidole vikatulia. Akatoa picha iliyotoka kusafishwa: mkewe, yule anayekaa kwenye mashine ya pesa dukani, yuko kwenye kiti cha melini, usingizi umemchukua, mdomo wazi, jua usoni.

"Bahari ilikuwa nyuma yangu, bwana," akasema taratibu. "Tangu tufungue duka, sijawahi kumwona huyu mama amelala mchana."