Kaaha na Maua ya Mikebeni

Jirani yangu Kaaha Nunow alikuwa muuza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Ngamia wake walipochukuliwa katika msako wa wanajeshi wa serikali mwaka sitini na tano, alibaki na vyombo vitupu na mikono isiyojua kukaa bure. Ndipo akaanza kupamba nyumba za harusi kwa maua. Watu walimcheka. Nani amewahi kumwona mtu wa ngamia akihangaika na maua?

Hakununua hata moja. Mtunza bustani wa ofisi za serikali alipopunguza ile mimea ya maua ya zambarau inayopanda ukutani, Kaaha alikuwa pale na shuka lake, anaokota. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na vichaka vya shina nene kama chungu, vinavyotoa maua mekundu kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka. Utomvu wake ni sumu, hata mbuzi hawavigusi, kwa hiyo alikata matawi akiwa amejifunga matambara mikononi. Akaongeza maua ya mhina kwa harufu yake, na mikebe ya mafuta akaifunika kwa ukili wa mkoma.

Mwaka uliofuata binti yangu Saado akaposwa. Harusi zetu ni za usiku, ngoma mpaka alfajiri, lakini sasa kulikuwa na amri ya kutotoka nje: saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani. Kibali chetu cha serikali kilisema saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, bila ngoma. Shangazi wa bwana harusi, Ebla, akatuma neno: "Harusi ya mchana, kimya kimya? Hayo ni matanga."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Nilitaka mwanangu atoke kwangu kama bibi harusi, si kama mfiwa.

"Abaayo, dada yangu, niachie chumba," Kaaha akaniambia. "Wewe una kazi ya kuogopa, ifanye nje."

Asubuhi ya harusi alitikisa makaa ya moto ndani ya mikebe kumi na miwili, akaifunika, moshi ukaingia, akaipangusa, kisha akatia maji na maua. Ndivyo tunavyofukiza vyombo vya maziwa. Mimi nikanusa nikaingiwa na hofu: wakwe watasema nyumba ya bibi harusi inanuka zizi. Kaaha alipokwenda kuoga, nikaisugua mikebe sita kwa mchanga, nikarudisha maua na maji safi. Wa saba sikuuwahi.

Saa nne ikafika, wakwe hawakuonekana. Saa sita tukasikia wamezuiwa kwenye kizuizi cha barabarani, wanapekuliwa mizigo. Joto likapanda, na mikebe yangu sita ikainamisha vichwa. Ile mingine ilisimama vilevile.

Kaaha akanusa mmoja baada ya mwingine. "Hii nani kaiosha?"

Nikaficha mikono nyuma.

"Basi ni malaika," akasema. "Malaika mwenye mchanga kwenye kucha."

Saado akacheka mpaka shela ikamdondoka.

"Maziwa hayachachi upesi penye moshi," Kaaha akanieleza, hana hasira. "Maji nayo ni hivyo hivyo. Sasa njoo, usisimame kama mgeni."

Tukaisogeza ile sita mizima pande zote za kiti cha Saado. Katika iliyonyauka tukachambua maua ya zambarau, maana hayo hata yakikauka rangi haipotei, tukayamwaga juu ya mkeka kuanzia mlangoni hadi miguuni pake.

Wakwe wakaingia saa nane. Ebla alitangulia, vumbi mpaka kwenye nyusi, uso umekunjamana kwa mambo ya kizuizini. Akasimama mlangoni, akatazama chini, akatazama kitini. Akavua viatu.

"Nani ameleta mvua humu ndani, mpaka pakachanua hivi?" akauliza.

"Mimi, eddo," Kaaha akajibu, akimwita shangazi kwa heshima. "Na huyu mama alijaribu kuizuia."

Ebla hakungoja kukaribishwa kukaa. Akapiga makofi, akaanza kumtungia Saado buraanbur, yale mashairi yetu ya wanawake, na wenzake wakaitikia kwa makofi mpaka ngoma haikukumbukwa. Walicheza juu ya maua yale kwa saa mbili kasoro kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikichungulia saa, na ilipobaki robo saa kibali kiishe nikawatoa mlangoni mmoja mmoja. Ebla alitoka wa mwisho, bado anapiga makofi, na Saado mbele yake anacheka.