Miba ya Mgebuka

Klementina akisonga ugali huwa hayupo mtaani. Mwili upo pale kibandani kwake, karibu na stesheni ya Mpanda, mwiko mkononi, lakini macho yamezama kwenye mvuke, na humo anauona mtaa wa zamani: makuli wamejaa kwenye mabenchi, jasho linawatiririka, kila mmoja na bonge lake la ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa ziwani Karema kwenye mchuzi. Mvuke ukitawanyika anakuta ghorofa, duka la simu, na vijana wa chipsi ng'ambo ya barabara. Eti mtaa umependeza. Haya.

Makuli wenyewe wamepukutika. Amebaki mzee Zablon, aliyefiwa na mkewe masika yaliyopita. Klementina alishajisemea moyoni kwamba siku Zablon akiacha kuja, anazima moto na kurudi kwao Usevya. Hakuwa na sababu nyingine ya kuamka alfajiri, na alilijua hilo vizuri.

Basi juma hili Zablon hakuonekana. Klementina akadhani anaumwa. Akafunika sahani kwa kitambaa ampelekee, na kuvuka tu barabara, huyo hapo, kajikunyata mezani kwa vijana, anatafuna chipsi. Roho ilimuuma, acha tu. Akaketi mbele yake, akamuuliza mchuzi wake umemkosea nini.

Zablon aliinamisha kichwa, akasukuma chipsi pembeni.

"Macho, mama. Miba siioni tena. Zamani samaki nilimbeba nyumbani, marehemu ndiye alikuwa ananitolea; tangu afe nimejikaza tu, sasa nimeshindwa."

Kumbe! Na nyie mnajua mambo ya kwetu huku: mtoto hutolewa miba na mama yake, na mwanaume mzima hutolewa na mkewe, tena ndani, mlango umerudishwa. Mwanamke mwingine akithubutu, mji mzima umeshawaozesha.

Vijana wakaacha kumenya viazi, wanatazama. Klementina alisikia uso unamchoma kama binti. Alitaka kuinuka, akajizuia. Akanawa, akafunua sahani, akamtoa mgebuka miba taratibu, akiupapasa kila mnofu kwa kidole kana kwamba yuko usingizini. Kisha akamega tonge, akalichovya, akamwekea Zablon kiganjani. Zablon alikula huku machozi yanamlenga.

"Kesho ukija," Klementina akamwambia, "usikae kwenye benchi la wateja."