Dharura Haina Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja ya Kisarawe, niliambiwa mambo mawili: chai ni saa nne, na uzazi wa mpango ni Alhamisi. Hilo la pili limenichosha roho miaka yote. Sasa nimestaafu, nafuga kuku wangu hapa Misugusugu, na bado linanichosha.

Mkuu wetu, Mganga Mfawidhi, hakuwa mtu mbaya. Alipenda ratiba tu. Jumatatu wajawazito, Jumanne chanjo, Alhamisi uzazi wa mpango, na ufunguo wa kabati la vidonge alitembea nao mfukoni.

Jumatatu moja akaja Mama Zuhura, kwa miguu kutoka Kibuta. Mwanawe wa mwisho alikuwa na miezi saba, kazaliwa kwa upasuaji, na hospitali walimwonya asibebe mimba haraka, mshono haujakomaa.

"Nesi, jana mpira umepasuka," aliniambia. "Nisaidie, mwenzio kile kisu nakiogopa."

Wakati ule hatukuwa na kidonge maalumu cha dharura. Tulitumia vidonge vya majira, hivi vya kila siku: kadhaa kwa mpigo, vingine zikishapita saa kumi na mbili. Kichefuchefu chake acha tu! Lakini vilisaidia, kwa sababu huchelewesha yai kutoka. Sharti ni kuwahi. Leo ni bora kuliko kesho.

Nikaenda kwa Mfawidhi.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatatu, daktari. Lakini hii ni dharura."

"Binti, dharura ni damu na homa. Mwambie aje Alhamisi."

Na mimi, eti nesi, nikatoka nikamwambia aje Alhamisi. Alikuja alfajiri, wa kwanza kwenye benchi. Tukampa, lakini tulishachelewa, mimba ikaingia. Ilipokaribia miezi tisa mshono wa zamani ukaachia. Mama alipona, kizazi kikatolewa. Mtoto walimzika Kibuta.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya Kibaha. Muuguzi Mkuu wa pale, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, alikuwa akisema, "Nani anapata ajali kwa ratiba?" Kabati lake halikufungwa mchana. Kidonge maalumu kilishafika, na maneno ya mtaani nayo yakafika. Eti kinatoa mimba! Jamani, mimba ikishaingia hakiigusi. Eti kinaharibu kizazi! Hakiharibu. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita tangu ukimeze, rudi upewe kingine. Kitanzi cha shaba kikiwekwa kwenye kizazi ndani ya siku tano baada ya tendo ndicho kiboko yao. Ila msikifanye kidonge pipi: hakilindi tendo la kesho, wala hakizuii maradhi. Nimeyasema haya mpaka koo limekauka.

Juzi Jumanne, mpangaji wangu, mwalimu kijana, karudi kutoka zahanati macho mekundu.

"Bibi, nimeomba kidonge cha dharura, wameniambia nirudi Alhamisi."

Nikaweka chini bakuli la pumba, nikajifunga kanga, nikamshika mkono. Kwenye dirisha la zahanati kulikuwa na nesi mdogo, nadhifu, mpole.

"Shikamoo bibi. Samahani, ratiba yetu..."

"Marahaba, mwanangu. Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa. Kuna kaburi dogo Kibuta kwa sababu ya maneno hayo. Fungua kabati."