Salamu kwa Binti wa Dirisha la Bluu

Nilichoma suti ya mwanaume aliyetaka kunioa, siku nne kabla hajaivaa kuja kwetu kuleta posa.

Tena sikuichoma kwa hasira. Niliichoma kwa mahaba. Mahaba ya mtu mwingine.

Mimi ni dobi. Nina kibanda cha kufua na kupiga pasi, meza moja ndefu na redio juu ya rafu ambayo haizimwi. Mwenye suti ni fundi wa friji, mtaani wanamwita Fundi Baridi. Jina limemkaa. Ukimwambia umemkumbuka, anakuuliza kama umekula.

Jumanne hiyo nipo na mkono wa kushoto wa koti lake, mara redio ikapiga ule wimbo.

Mnazijua hizo nyimbo laini za zamani. Kinanda kinadondoka tone tone, halafu mwanaume anaingia na sauti ya mtu aliyefiwa, kumbe kaachwa tu.

Nikafumba macho. Nikawa na miaka kumi na mbili tena.

Ngoja niwaeleze. Baba yetu alikuwa mgonjwa wa kutuma salamu redioni. Alinunua kadi za salamu kwa mabunda, akawasalimu hata watu aliopishana nao mlangoni asubuhi. Kila Jumapili saa kumi jioni tunasikiliza. Sasa Jumapili moja mtangazaji akasoma kwa sauti ya asali:

"Salamu hizi ni za binti wa dirisha la bluu. Zinatoka kwa anayekutazama kwa mbali. Anasema usitoke nje, kaa karibu na redio, nyimbo za jioni hii zote ni zako."

Mtaa mzima dirisha la bluu lilikuwa moja. Letu!

Basi weee! Siku hiyo sikula. Jumapili iliyofuata zikaja tena, na iliyofuata tena, na ule wimbo haukosekani. Miaka miwili, jamani! Kila Jumapili mimi huyo, nimejipaka mafuta, mkono kifuani, nimeganda kando ya redio mpaka giza linaingia.

Halafu zikakoma ghafla. Nililia siku tatu. Wiki hiyohiyo baiskeli yetu mimi na kaka iliibiwa, na nyumba nzima ikadhani naililia hiyo. Eti baiskeli! Watu wengine hawana moyo.

Nimekua na huyo mtu kichwani. Mwalimu mmoja alinitaka, nikaona hana maneno. Akaja mwenye duka la dawa, huyu maneno anayo, ila sauti ina mikwaruzo. Nimefika miaka thelathini na saba namngoja anayenitazama kwa mbali. Na kweli alikuwa mbali.

Harufu ya kitambaa kuungua ndiyo iliyonizindua. Nainua pasi, naona tundu karibu na kifundo cha mkono, la kupitisha vidole vitatu.

Fundi Baridi akaja jioni. Nikamwonyesha. Akaingiza vidole kwenye tundu, akavitazama vilivyotokea upande wa pili.

"Wewe hukuungua?"

"Hapana."

"Basi mkono nitauweka mfukoni."

Akachukua suti yake, akaondoka. Hivyo tu! Nikasema, huyu hata kugomba hajui. Wimbo ule umekuja kunionya. Posa hiyo naikataa.

Kesho yake nikaenda kwa kaka, maana ndiye angepokea wageni badala ya marehemu baba. Nikamwambia awape taarifa wasije. Nikamweleza na sababu, zile salamu, ambazo miaka yote nilimficha.

"Binti wa dirisha la bluu," akasema polepole.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka wifi yangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Unacheka nini wewe?"

"Dada, hebu nikuulize. Baba alitugawia zamu za baiskeli. Mimi Jumamosi. Wewe lini?"

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Jumapili," akajijibu mwenyewe, anafuta machozi. "Kuanzia saa kumi mpaka giza. Kadi nilikuwa nachomoa kwenye bunda la baba. Baiskeli ilipoibiwa, ningetuma za nini tena?"

Wifi akashikilia mlango kwa kicheko. Mimi niliumia, nisiwafiche. Nimekataa watu wazima na heshima zao kwa ajili ya kijana wa miaka kumi na minne aliyetaka kupiga kengele ya baiskeli. Na kuendesha kwenyewe sikuwahi kujifunza.

"Kwa hiyo wageni wasije?" kaka akauliza.

"Waje. Na wewe siku hiyo uniletee baiskeli."

"Ya nini, umri huu?"

"Zamu yangu bado."

Jumamosi Fundi Baridi akaja, mkono wa kushoto mfukoni. Akakaa nao humo. Akala nao humo. Baba mkubwa, aliyekaa na kaka kuwapokea wageni, akashindwa kuvumilia.

"Kijana, unaposa huku umeweka mkono mfukoni?"

Mimi nipo chumba cha pili, sikio mlangoni. Angeweza kunitaja, na suti iliharibika kweli.

"Naomba radhi mzee," akasema. "Mkono una baridi."

Sikungoja kuitwa. Nikatoka, nikamvuta ule mkono mbele ya watu wote, tundu likaonekana.

"Baba mkubwa, hili nimelichoma mimi. Na huyu mtu namtaka."

Sasa tuna mwaka. Kila Jumapili saa kumi najifunza baiskeli. Mume wangu anashika kiti kwa nyuma, anakimbia huku anahema, na neno la mahaba hatoi hata moja. Anasema tu, "Breki! Breki, mke wangu!"

Dada zangu, akija mtu anakwambia anakupenda halafu anataka ukae ndani, usikimbilie kulia kwa furaha. Chungulia dirishani kwanza, uone nani anaendesha baiskeli yako.