Mkono wa Kushoto wa Mama

Mama alipopigwa na kiharusi kule Rungwe, ndugu zangu walifanya kikao kwa simu wakaamua aje kwangu Chamazi, eti kwa kuwa mimi sina mume wa kumwomba ruhusa. Nilimpokea. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa, na sauti ilikuwa imekwenda. Hata alipokuwa mzima, Kiswahili kwake kilikuwa cha sokoni tu.

Kutwa nilikuwa Manzese, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeshinda na mama ni jirani tuliyepakana naye ukuta, bibi wa Kizaramo, mjane, mtu wa swala tano. Watu wa pwani hubisha hodi mara tatu, na wasipoitikiwa huenda zao. Bibi huyu alikuwa na hodi yake: kabla ya kuleta bakuli la uji aligonga ukuta mara tatu kutokea chumbani kwake, na mama akamjibu kwa kugonga kwa mkono wa kushoto. Ndipo anaingia. Alimlisha pole pole, kijiko na hadithi, kijiko na hadithi, na sidhani kama mama alielewa hata nusu ya hadithi zile. Lakini alikula.

Mimi uji haukunitosha. Nilitaka mama aseme. Nilitaka Mungu anionyeshe la kufanya, tena anionyeshe kwa kishindo, maana nilikuwa nimechoka na niliona nastahili kishindo. Mchungaji wetu akanipangia mfungo, nikachukua likizo. Akaniambia pepo bubu hatoki kwenye nyumba inayoingia tasbihi. Basi nikaenda kumwambia bibi asije mpaka nimalize.

"Haya, mwanangu. Nyumba yako."

Asubuhi ya kwanza tu, mama aligonga ukuta. Aligonga, akanyamaza, akagonga tena. Nilipompelekea kijiko alifumba mdomo, na nilipolazimisha alipaliwa, uji ukamtokea puani. Akina mama wa maombi walipokuja wakasema hiyo ni vita, pepo anajitetea. Mmoja akashauri kitanda kiondolewe ukutani. Tukakisukuma hadi katikati ya chumba, na tangu hapo mkono wa mama ukawa unapiga hewa.

Nilifurahi, siwezi kusema vinginevyo. Kelele zilikoma nikapata utulivu wa kuomba. Nilimwambia Mungu aseme, nipo, nasikiliza. Nilimwambia hivyo siku baada ya siku nimefumba macho, na hatua chache kutoka hapo midomo ya mama ilikuwa inapasuka kwa ukavu.

Kilichonizindua hakikuwa ndoto wala sauti. Mchana mmoja umeme ulikatika, feni ikasimama, joto likanishinda nikafumbua macho. Mkono wa mama ulipanda mara tatu, ukalala juu ya shuka. Akageuza macho kwenye mlango, akasubiri. Halafu tena mara tatu, akasubiri. Mtoto wa miaka mitatu angetambua kwamba yule mama anabisha hodi. Mimi, mtu mzima na Biblia yangu mkononi, nilihitaji shirika la umeme linisaidie.

Nilikuwa nimemwomba Mungu njia, naye tangu asubuhi ile ya kwanza alikuwa ananielekeza mlango wa jirani, kwa mkono pekee uliobaki na uhai. Niliona aibu. Nikawa na hasira: kwa mchungaji, kwangu mwenyewe, na kwa Mungu pia, ambaye nilimwona kama mtu aliyeninong'oneza jambo la kupigiwa kelele. Hasira hiyo haijaisha yote.

Nilitoka peku kwenda kumwita bibi. Alikuja bila kuuliza kitu. Mama alimshika kanga, akameza vijiko vitatu, vinne, machozi yanamtoka. Lakini tulikuwa tumechelewa. Hospitali walimtundikia dripu, wakasema mwili umekauka mno na uji niliomlazimisha umemwingia kifuani. Hakusema neno hata moja. Alifariki kabla wiki haijaisha, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshikwa na bibi.

Wageni wa msiba walipoondoka nilikwenda kwa bibi kumwomba radhi. Nilimkuta anakuna nazi. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini. Nikaishia kumuuliza kama zile siku alikuwa anasikia ukuta ukigongwa.

"Nilikuwa nasikia."

"Mbona hukuja, bibi?"

"Si ulinikataza, mwanangu? Mie nikawa naweka kiganja ukutani basi, nasikia anavyogonga. Halafu kukawa kimya." Aliacha kukuna. "Nikasema keshatangulia huyu, wanamficha kwa ajili ya maombi yao. Nikawa namsomea dua kama maiti, kumbe mwenzangu yu hai, ananiita."

Akafuta mikono kwenye kanga, akanishika goti.

"Unisamehe, mwanangu."